Kushindwa na Kupenda: Sarufi ya Kusalimu Amri katika Nyimbo za Bendi za "Jazz", Zikisikilizwa kutoka Mwambao wa Rumonge

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna mpenzi anavyokiri udhaifu wake katika nyimbo za bendi za Afrika Mashariki zilizojiita "jazz", kwa kuzilinganisha na nyimbo za jazz ya Marekani za miaka ya 1930. Hoja kuu ni kwamba mpenzi wa nyimbo za Kiswahili kwa kawaida hajitoi. Hutwaliwa, tena hutwaliwa mbele ya mashahidi. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwenye mwambao wa Burundi, ambako Kiswahili hushukiwa kuwa lugha ya wajanja, na ambako sera ya elimu inakifundisha bila kuisikiliza sauti hiyo.

Mwambao na lugha yake

Ziko Bugarama kadhaa katika nchi za Maziwa Makuu. Inayohusika hapa si ile ya njia panda ya Muramvya, wala ile ya Rusizi nchini Rwanda, bali iliyokuwa tarafa ya milima inayoteremka hadi Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura, ambayo mwaka 2015 iliunganishwa na tarafa nyingine nne kuunda mkoa wa Rumonge. Juu mlimani Kirundi kinatawala bila mshindani. Chini, kandokando ya barabara iendayo Rumonge na Nyanza-Lac, kwenye mialo inakouzwa ndagala na mukeke na kwenye masoko ya mawese, Kiswahili nacho kina nafasi yake. Ni Kiswahili chenye mikondo miwili: mmoja wa Uvira na Kongo, unaomfanya mtu aseme "nakupendaka" pale ambapo Mtanzania angetafuta maneno mengine, na mwingine wa Kigoma.

Sifa ya lugha hii nchini Burundi si njema tupu. Tangu enzi za Wajerumani na Wabelgiji iliambatanishwa na mji, biashara na Uislamu, na neno "Umuswahili" katika mazungumzo ya Kirundi limebeba maana ya mjanja, mtu wa maneno mengi asiyeaminika. Kwa wakazi wa Rumonge lipo jeraha jingine. Uasi wa Aprili 1972 ulizuka katika maeneo haya ya kusini, na mauaji yaliyofuata nchini kote yaliwakimbiza watu wengi kuvuka ziwa na mpaka. Tanzania iliwapa makazi Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba na Mishamo. Utafiti wa Liisa Malkki uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba waliokaa Mishamo walishikilia utambulisho wao wa ukimbizi, ilhali waliojichanganya mjini Kigoma walipendelea kupita kama watu wa kawaida wa mji. Kuanzia mwaka 2008 maelfu ya watu wa kundi hilo walirejea Burundi, wengi wakiwa na watoto waliozaliwa Tanzania, na Kiswahili kikawa alama: ukikitamka, jirani anakisia umetoka wapi na unadai shamba la nani.

Watu hao hawakukulia katika ukimya wa muziki. Miaka ya 1970, walipokuwa wakijenga nyumba Ulyankulu, bendi zilizojiita "jazz" zilikuwa katika kilele chake, na Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikizirekodi na kuzirusha. Shem Karenga, aliyeipa Tabora Jazz wimbo maarufu wa "Dada Asha", alikuwa mzaliwa wa Kigoma, yaani mtu wa ziwa hilihili. Ni haki kuuliza, basi, ni Kiswahili gani kilichofika masikioni mwa mwambao kwa njia hiyo, na kilisema nini ambacho soko halisemi.

Jazz iliyo jina

Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Zikafuata Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, na mwaka 1964 Nuta Jazz. Ng'ambo ya magharibi Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ikazaliwa mwaka 1956. Hakuna kati ya hizo iliyopiga kwa mtindo wa New Orleans au Chicago. Zilipiga rumba, iliyorudi Afrika kutoka Kuba katika santuri za GV, na wahakiki wengi wamelichukulia neno "jazz" katika majina yao kuwa kosa lisilo na madhara au pambo la usasa. Kelly Askew na wengine waliofuata wamezisoma bendi hizi hasa kama sehemu ya ujenzi wa taifa, na usomaji huo umetufaa. Hata hivyo umeziacha nyimbo za mapenzi zikisubiri mlangoni, kana kwamba wimbo wa Azimio ndio kazi na wimbo wa Asha ni mapumziko.

Jina lile lilikuwa na haki zaidi ya hiyo. Lilishuhudia hali mpya ya uimbaji: mtu amesimama mjini mbele ya kipaza sauti, anamweleza mmoja siri yake, na wageni wanacheza. Kipaza sauti ndicho kilichobadili mambo. Kabla yake, sauti ya kuimbia umati ililazimika kuwa ya nguvu, na sauti ya nguvu haiwezi kukiri unyonge ikaaminika. Bing Crosby aliporekodi "I Surrender, Dear" mwaka 1931 alikuwa akiimba karibu na chombo, kwa sauti ya mtu aliye chumbani. Mwimbaji wa Dar es Salaam au Tabora miaka thelathini baadaye alirithi chombo hicho pamoja na ruhusa yake.

Lakini alichokiri hakikuwa kilekile. Nyimbo tatu za Kimarekani zinatosha kuonyesha: "Body and Soul" ya 1930, "All of Me" na "I Surrender, Dear", zote mbili za 1931. Majina yenyewe ni ya kutoa. Mwili na roho, nafsi nzima, silaha chini. Mwenye mali anakabidhi mali, na mali ni yeye mwenyewe. Billie Holiday alipoimba mbili za kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliyachelewesha maneno nyuma ya mapigo, na ucheleweshaji huo unamfanya msikilizaji ahisi kwamba kila kipande cha nafsi kinapimwa kabla ya kutolewa. Coleman Hawkins alikwenda mbali zaidi: katika rekodi yake ya "Body and Soul" ya Oktoba 1939 hakuna maneno, na hata kiitikio chenyewe anakigusa tu mwanzoni kisha anakiacha. Anayetoa kila kitu hahitaji kutaja kitu. Nyuma ya yote hayo iko dhana kwamba mtu ni mmiliki wa nafsi yake, na kwamba kilele cha mapenzi ni kuuhamisha umiliki huo kwa hiari.

Sarufi ya kutwaliwa

Mtu ajaribu kuyapeleka majina hayo matatu katika Kiswahili cha mapenzi, na tatizo litajitokeza mara moja. "Nasalimu amri" ni neno la kambi ya askari. Mpenzi akilitumia atasikika anatania. "Najitoa kwako" ni sahihi kisarufi, ila "kujitoa" pia ni kuondoka mashindanoni. Aliyesema "nimejitoa" bila kuongeza neno ameshaaga. Kirejeshi -ji-, ambacho kinabeba hiari, hakikai vizuri katika wimbo wa mapenzi wa zamani. Kinanukia mkutano wa hadhara na kazi za kujitolea.

Vitenzi vinavyoizunguka hali hii katika msamiati wa mapenzi ni vingine: kushindwa, kuzidiwa, kulemewa, kutekwa. Vyote vina -w- ya kutendwa. Mpenzi hakukabidhi mji; aliamka akakuta mji umetekwa. Sarufi hiyo inampa nafasi ambayo mwenzake wa Marekani hana, ya kusema ukubwa wa anguko lake bila kudai sifa ya ukarimu. Hakuna zawadi hapa, na kwa hiyo hakuna deni la shukrani analomtwisha mpenzi wake. Walau ndivyo inavyoonekana mwanzoni.

Ndani ya msamiati huo kuna ngazi. Linganisha: "umeniumiza", "nimeumizwa na wewe", "nimeumia". La kwanza ni shtaka. La pili bado lina mtenda, ila amesogezwa mwisho wa sentensi, na anaweza kuachwa kabisa. La tatu halina mtu mwingine hata kidogo. Ni taarifa ya hali, kama homa. Mtunzi hodari wa dansi hupanda na kushuka ngazi hii katika wimbo mmoja, na mhakiki anayeufasiri wimbo kwa Kifaransa au Kiingereza kwa ajili ya jopo la watunga sera huipoteza ngazi yote, kwa sababu katika tafsiri sentensi zote tatu huishia kuwa malalamiko.

Msikilizaji wa Bugarama haipotezi. Kirundi, lugha yake ya kwanza, kina kiambishi kilekile cha kutendwa, na "gutsindwa" hufanya kazi ya "kushindwa" karibu neno kwa neno. Anayejua kusema "ndagukunda" hahitaji kufundishwa muundo wa "nakupenda". Kinachokuwa kigeni kwake ni mahali pa kusemea. Mapokeo ya uimbaji wa Kirundi yaligawa kazi: kwishongora ni wimbo wa mwanamume, wa mapigo na vigelegele, na bilito ni wimbo wa mwanamke, wa hisia za ndani. Juu ya mgawanyo huo imeketi isoni, haya inayomtaka mtu mwenye heshima asiyaanike ya moyoni. Wimbo wa bendi ulimweka mwanamume mahali pa bilito, hadharani, katika lugha ya pili. Huenda lugha ya pili ndiyo iliyowezesha. Kuna mambo ambayo mtu huona haya kuyasema katika lugha aliyotukaniwa na mama yake.

Jambo la pili linalotofautisha ungamo hili ni mashahidi. Wimbo wa Kimarekani huwa na watu wawili: mimi na wewe. Wimbo wa dansi hujaa watu. Yumo shemeji anayeombwa aingilie kati, mama anayepewa habari, rafiki anayetumwa salamu, wazazi wanaokataa. Mpendwa mwenyewe mara nyingi huitwa dada, kama katika jina la wimbo wa Karenga, na wito huo unamheshimu kwa kumweka kwanza ndani ya ukoo. Kushindwa huku ni kesi yenye baraza. Mpenzi hajifungii chumbani na udhaifu wake; anauleta uani, mbele ya watu ambao wana uwezo halisi wa kuamua kama ataoa au hataoa.

Malaika na inkwano

Wimbo unaoonyesha hili kwa ukali kuliko wote ni "Malaika". Fadhili William aliurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Utunzi wake umegombaniwa tangu hapo, Adam Salim akiwa miongoni mwa waliotajwa, na ugomvi huo hauhusiani na hoja ya hapa. Kisa chake kinajulikana: kijana anapenda, anataka kuoa, mali hana. Udhaifu wake hautokani na macho ya mpenzi wala na mwezi. Unatokana na mahari. Ameshindwa kwa maana ya kimahesabu kabisa.

Wimbo huu ulipotoka nje ya Afrika Mashariki ulivuliwa mahari. Katika albamu ya Harry Belafonte na Miriam Makeba ya mwaka 1965 ni wimbo mpole wa kubembeleza, na msikilizaji asiyejua lugha hupata malaika bila kupata umaskini. Boney M. mwaka 1981 waliucheza kama wa disko. Si suala la kuwalaumu. Makeba aliuimba vizuri mno. Hoja ni kwamba uliposikika kwa masikio ya jazz, yaliyozoea nafsi inayojitoa, ulisikika kama kujitoa. Mashahidi walifutwa, na pamoja nao mhasibu.

Mwambao wa Rumonge hauwezi kuufuta. Inkwano ni sharti lililo hai. Mwaka 2017 serikali ya Burundi iliamuru watu wote wanaoishi pamoja bila ndoa ya kisheria wahalalishe ndoa zao kabla ya mwaka kwisha, kama sehemu ya kampeni ya maadili. Vyombo vya habari vilivyowahoji wahusika wakati ule vilikuta sababu ileile ikirudiwa: gharama za mahari na harusi. Tamko la serikali liliwaona kama watu waliolegea kimaadili. Wimbo wa miaka zaidi ya hamsini iliyopita ungewaona kama watu walioshindwa, kwa -w-, na ungejua pia ni nini kilichowashinda. Washauri wa sera wanaotafuta ushahidi wa namna watu wa kawaida wanavyoueleza uhusiano wa mapenzi na umaskini wana maktaba nzima ya santuri, na hawaifungui.

Kushindwa kunakoshtaki

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuzisifu nyimbo hizi bila kuzibana. Walioshindwa karibu wote ni wanaume. Katika nyimbo za Kimarekani zilizotajwa, wanawake waliimba maneno ambayo kwa sehemu kubwa yalitungwa na wanaume, na Holiday aliyageuza kwa sauti yake yakawa yake. Katika bendi za Tabora, Morogoro na Dar es Salaam za miaka ile, mwanamke aliyesimama mbele ya kipaza sauti alikuwa nadra. Asha, Rosa na wenzao wanaitwa kwa majina wala hawajibu.

Na ukimya wao unaibadili ngazi iliyoelezwa hapo juu. Mwanamume anayeanza na "nimeumia" anaweza, kufikia ubeti wa tatu, kuwa amefika "umeniumiza", kisha akamtaja mwanamke kuwa mpenda pesa na mji mzima umesikia. Kukiri udhaifu kumekuwa kibali cha kumwaibisha mwenzake mbele ya baraza lilelile lililoitwa kumhurumia. Hapa Kiswahili cha mapenzi kinaukaribia ule ujanja ambao Umuswahili anashutumiwa nao, na mtetezi wa lugha hana budi kulikubali hilo. Tofauti kati ya wimbo mzuri na wimbo wa hila iko katika swali moja la kisarufi: je, mtenda anayefichwa na -w- ni kitu kinachomzidi mwimbaji kweli, kama mahari, umbali au kifo, au ni mwanamke ambaye mwimbaji anaona aibu kumtaja mapema? "Malaika" unafaulu mtihani huo. Nyimbo nyingi zilizopendwa zaidi kwenye kumbi hazifaulu, na utamu wa magitaa yake ndio uliozifichia dosari hiyo kwa muda mrefu.

Magitaa yana hoja yake yenyewe. Wimbo wa dansi hujengwa kwa sehemu mbili: kwanza maneno, polepole, kisha chemko, ambayo wanaofuata muziki wa Kongo huiita sebene. Mwimbaji anamaliza kueleza kwamba amezidiwa, na papo hapo gitaa la solo linapanda na watu wanacheza kwa bidii kuliko mwanzo. Hawkins aliyaacha maneno ili nafsi itoke yote. Chemko inayaacha maneno ili mwili urudi. Aliyetangaza kushindwa anasimama tena bila kutangaza kwamba amepona, na hakuna anayemwuliza. Labda hicho ndicho kilichowafanya wanaume waweze kukiri: walijua chemko inakuja.

Kiswahili cha darasani

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kiliingia katika shule za msingi katika kipindi hichohicho. Sheria ya lugha ya 2014 iliongeza Kiingereza kando ya Kirundi na Kifaransa kama lugha rasmi. Kiswahili hakikupewa hadhi hiyo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, imeendelea kukisukuma kama lugha ya utangamano. Hoja zinazotolewa ni za biashara na uhamaji, nazo ni za kweli. Ila mwanafunzi wa Bugarama anayeanzishwa kwa salamu, bei na safari anafundishwa kile ambacho mwalo ungemfundisha bure, tena anafundishwa upande uleule wa lugha ambao nchi yake huuhofia: lugha ya anayepatana bei.

Upande wa pili, wa mtu anayekiri kwamba amelemewa, haupo darasani. Mwalimu wa Rumonge akitaka kufundisha kauli ya kutendwa ana mifano kamili katika nyimbo ambazo babu wa mwanafunzi alizijua Ulyankulu, na ana wanafunzi wa Kirundi ambao tayari wana muundo huo kinywani. Ana pia nafasi ya kuuliza swali la uhakiki: nani ametendwa, nani ametenda, na kwa nini hatajwi? Swali hilo ni gumu kuliko zoezi la kugeuza sentensi, na walimu wengine wataliogopa kwa sababu nyimbo zenyewe ni za mapenzi. Hofu hiyo ni isoni, nayo ina heshima yake.

Lakini swali lenyewe haliishii kwenye mapenzi. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilisikiliza migogoro kati ya waliorejea na wale waliowakuta mashambani, na Rumonge ilikuwa miongoni mwa maeneo yenye migogoro mizito zaidi. Mbele ya baraza la namna hiyo neno linalorudi ni lilelile. Kesi nayo hushindwa, na mara nyingi pande zote mbili huja zikiwa zimeshashindwa na jambo la mwaka 1972 ambalo hakuna kati yao aliyelitenda. Mzee aliyezoea "umeninyang'anya" na mzee anayeweza kusema "nimenyang'anywa" wanaanza mazungumzo mahali tofauti, hata kama shamba ni hilohilo.